Chuma cha Hostia

"Weka hapo mezani," mwoka hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, alisema bila kugeuka, akidhani ni sista amerudi na chuma chake.

Hakusikia kitu kikiwekwa. Alipogeuka, bakuli lilitaka kumponyoka. Mlangoni alisimama fundi wa kuchomelea, chuma cha kuokea kimemjaa mikononi. Ndiye aliyemgonga na kumuua binti wa pekee wa mama huyu kwa pikipiki, amelewa chakari. Kwamba ametoka jela alijua. Ila sista alikuwa mgeni, hakujua chochote, na bawaba inayounganisha mabamba mawili ya chuma hicho ilipokatika, alikipeleka kwa fundi wa karibu.

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo aliiacha iozee hapo hapo mlangoni.

"Sista kasema nisiondoke mpaka kijaribiwe," fundi alisema, macho chini.

Misa ilikuwa kesho na hapakuwa na hostia hata moja. Mama alikipokea chuma, akakiweka motoni, akakoroga unga na maji matupu, bila chumvi wala hamira. Tangu mazishi aliendelea kuzioka, na tangu mazishi hakuwahi kukomunika. Watu wakipanga mstari, yeye hubaki kwenye benchi. Padri alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba kinywa kinachomwombea mtu kifo hakiwezi kumpokea Bwana. Unafiki ulimshinda. Chuki aliimudu vizuri sana.

Chuma kilipopata moto, akamimina uji, akajaribu kukifunga. Bawaba mpya ilikuwa ngumu, haikubali mkono mmoja.

"Shika huko," alisema, na akajichukia kwa kumsemesha.

Fundi akashika mpini wa pili. Wakabana pamoja, mvuke ukifuka kati yao. Hapo ndipo mama alipoona kuwa mpini ule ni chuma kitupu. Mbao zake fundi alizitoa ili achomelee, na hakuwa amezirudisha. Alijua anachoshika.

Angeweza kumwambia aachie. Aliendelea kubana. Aliona jasho likimtiririka shingoni, meno yameumana, na fundi haguni. Mama aliona raha. Raha tamu, ya kuteremka mpaka tumboni, na ilimtisha kuliko kilio chochote alichowahi kulia.

"Achia," alisema.

"Bado haijaiva, mama."

"Achia, mwanangu."

Neno lilimtoka lenyewe, halirudi tena. Fundi hakuachia, labda hakusikia, labda alisikia sana. Mama akamshika kifundo cha mkono, akaubandua ule mkono kwenye mpini, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kukorogea unga. Kiganja kilikuwa chekundu, kimechunika. Akakikandamiza chini ya maji kwa mikono yake miwili. Chuki ilikuwapo bado, haikwenda popote, lakini mkono ule ulikuwa wa moto na hakuweza kuuacha.

Fundi alianza kulia kimya kimya, mabega yakimruka.

"Hostia inaungua," alisema.

"Acha iungue."

Moshi ulijaa jikoni, ukawafunika wote wawili wakiwa wamechuchumaa kando ya ndoo.