Sipandi Machela

Oswald alisimama mbele ya kanisa letu la Ruhuwiko baada ya misa ya pili, maiki mkononi, akatangaza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba wasioweza kutembea nao sasa watatalii. Kampuni yake ina njia ya kupanda kile kilima cha nyuma ya Mshangano. Njia imesawazishwa, kiti cha magurudumu kinafika mpaka kileleni. Watu wakapiga makofi. Mama yangu, Kunegunda, hakupiga, maana mkono wake wa kulia haufanyi kazi tangu apate kiharusi. Alinivuta kitenge kwa ule wa kushoto.

"Kaniandikishe."

Miaka miwili mama hatoki ila kwenda hospitali na kanisani, na kote huko tunampeleka. Yeye alitaka kwenda. Ukimwuliza tofauti iko wapi, anakutazama kama umemwuliza tofauti ya chumvi na sukari. "Mgonjwa hupelekwa," ananiambia. "Msafiri huenda."

Basi Jumamosi tukaenda, mimi, mama kwenye kiti chake cha magurudumu, na mwanangu Noela mgongoni. Kwenye gari tulimkuta Tabu, dada wa mjini anayetembelea magongo mawili na mdomo usio na breki. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwuliza kama amebeba pilipili, kwa sababu chakula cha safari kikipikwa na wanaume hakina ladha. Mama akacheka. Ni muda sijamsikia akicheka na mtu asiye wa nyumbani.

Gari likasimama chini ya kilima, karibu na rundo la mbao. Njia ilikuwepo, kweli. Imesawazishwa, kweli. Inafika kwenye mti wa kwanza, halafu zinaanza ngazi za mawe mpaka macho yanachoka.

"Kiti kinapandaje hapo?" nikamwuliza Oswald.

"Kiti kinabaki, dada. Bibi ndiye anayepanda." Akapiga mluzi. Vijana wanne wenye fulana mpya za njano wakatoka nyuma ya gari na machela: miti miwili na turubai katikati, wameipamba kwa maua ya karatasi. Nyuma yao akaja mpiga picha. "Leo bibi anabebwa kama malkia."

Mama akaitazama. "Malkia gani anabebwa amelala chali?"

Oswald akacheka, alidhani ni utani.

Huku kwetu machela si pambo. Kijijini gari lisipofika, mgonjwa hulazwa humo, wanaume wanne wakambeba mpaka zahanati. Baba yangu aliondoka hivyo, akarudi juu ya machela ileile, shuka limemfunika uso. Mama alitembea nyuma yake kwenda na kurudi.

"Mimi ni mzima, baba," mama akamwambia Oswald taratibu. "Machela sipandi."

"Hayo ya zamani, bibi. Hawa vijana wana nguvu." Akawakonyeza.

Wawili wakamshika. Si shikamoo, si samahani. Mmoja kwapani, mmoja chini ya magoti, kanga ikapanda, na mpiga picha akainua kamera. Mama akaling'ang'ania gurudumu kwa ule mkono mmoja, kiti kikainuka pamoja naye.

Sijui nilifikaje pale. Najua nilimsukuma yule wa magotini, Noela akaanza kulia, na sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. "Mwekeni chini. Huyu ni mama yangu, si gunia la mahindi. Nani amewaruhusu kumgusa?"

Wakamweka. Nikamfunika magoti, nikalichomeka pindo la kanga.

"Dada, punguza hasira," Oswald akasema. "Tunawasaidia. Kuna wafadhili wanataka kuona picha za walemavu wakiwa kileleni. Wakizipenda, safari zitaongezeka. Na machela ni raha, mtu anajipumzikia."

"Basi lala wewe," Tabu akasema. Alikuwa ameegemea gari. "Lala kidogo tu, kaka. Wakufikishe ngazi ya kwanza, upigwe picha. Tukiona raha yako na sisi tutatamani."

"Mimi naweza kutembea."

"Hatujakuuliza hilo."

Kijana mmoja akaishusha machela miguuni pa Oswald, akainyoosha vizuri, sijui kwa utii au kwa uchokozi. Oswald akarudi nyuma.

"Siwezi. Mtu na afya yake halali kwenye machela, ni kujiitia mkosi. Mama yangu akisikia..." Maneno yalishatoka.

Hasira iliyonipanda hapo ilizidi ya kwanza. Kwa hiyo alijua. Nilimdhania mtoto wa mjini aliyesahau. Kumbe alijua kama tujuavyo sote, ila mama alimwona ni nusu maiti tayari, mkosi hauna tena cha kumpunguzia. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki, maana Noela atakuja kusoma.

Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama zile mbao.

"Wewe uliyeishusha, unaitwa nani?"

"Saimon. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ungeanza na hiyo. Mbao hizi mnazishushia wapi? Si kwenye ngazi hizi."

"Nyuma kule, kuna njia ya trekta. Ila inazunguka sana, na haifiki kileleni. Inaishia begani mwa kilima."

"Kutoka hapo mji unaonekana?"

"Wote."

"Na kiti kinapita?"

Saimon akafikiri. "Kwenye makorongo tutakiinua, wewe ukiwa umekaa."

"Mtaniuliza kwanza."

"Tutakuuliza."

Oswald akasema njia hiyo haimo kwenye ratiba, na gari linarudi saa tisa. Mama hakumgeukia. "Liende. Tutarudi tunavyojua."

Tabu akatangulia na magongo yake. Nikasukuma kiti kwenye vumbi jekundu, vijana pembeni, na bado nilikuwa namgombeza Oswald ingawa tulishamwacha mbali: Jumapili nitasimama mbele ya watu, nitamtaja kwa jina, na yule mpiga picha naye nitamtafuta. Gurudumu la mbele likakwama kwenye jiwe. Saimon akainama.

"Bibi, tuinue?"

"Inueni."

Wakainua, wakaweka. Mbele yetu njia ilikuwa inapinda, na baada ya kona hakukuwa na miti tena, anga tu. Mimi nikaendelea: eti wafadhili, eti raha.

"Imaculata," mama akasema. "Sukuma. Utamtukana tukirudi."