Treni ya Kukaa Kiganjani

Fundi saa alikuwa amekwisha kumkatia tamaa mtoto wa mkewe, ingawa mkewe hakuwa na habari. Tangu wafunge ndoa alikuwa akimletea binti huyo wa miaka saba kila kilichompendeza yeye mwenyewe: shanga za kutunga, kijitabu cha hadithi cha kutia mfukoni, saa ya mkononi yenye ua katikati ya uso wake. Binti alisema ahsante, akaviweka kando, asiviguse tena. Na alimwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. Mtu mzima anaweza kununiwa na mtoto hadi akakosa usingizi, na huyu alikuwa ameukosa kweli.

Treni ya kuchezea ilikuwa karata yake ya mwisho.

Alimpeleka binti dukani, na muuzaji akawawekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa imepunguzwa mara mia moja na sitini kutoka treni halisi, ikakaa kiganjani bila taabu. Ya pili ilipunguzwa mara ishirini na mbili tu, na behewa lake moja lilitaka meza yake peke yake.

"Kama nyumba ni ya vyumba viwili, chukueni ndogo," alishauri muuzaji.

Fundi hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa ameshaviona vitasa vya milango, vidogo kuliko chembe ya mchanga, na roho yake ikasuuzika. "Iweke relini, mwanangu," alisema.

Binti akaishika, akaikosa reli. Akakosa tena, kisha akairudisha kwenye kaunta taratibu.

"Sitaki hii."

Basi, yamekwisha, Fundi alijisemea. Akainama aiweke mwenyewe, na kwa mazoea akatoa mfukoni lenzi yake ya kazi. Binti akaiomba. Akaibandika jichoni, akaiinamia treni.

"Kumbe ina madirisha," alisema. "Fundi, kuna watu wamekaa ndani."

"Hukuwaona mwanzo?"

"Vitu vya karibu vinanichezacheza. Vya mbali afadhali." Akashusha sauti. "Usimwambie mama. Atasema natafuta sababu ya kutosoma."

Fundi akajishikiza kwenye kaunta. Macho. Ni macho tu, na macho yana daktari wake. Miezi yote hiyo alikuwa akijitafuna bure, yeye anayejidai kuona hata vumbi ndani ya saa. Alipumua kama mtu aliyetua gunia.

"Tutamwambia pamoja, na hatasema hivyo," alisema. "Hata mimi nilikosea. Nilidhani hunitaki."

Binti alitoa lenzi jichoni, akamtazama vizuri, akionekana kulishangaa jambo lenyewe.

"Wewe mbona nakuona? Wewe mkubwa."

Fundi alicheka hadi machozi, na muuzaji naye akacheka bila kujua anachekea nini. Walitoka na ile treni kubwa, mmoja kashika boksi mbele, mwingine nyuma, na hakuna aliyeuliza nyumbani itakaa wapi.