Ushahidi wa Kurudi

Kazi yangu mimi ni kuwakataza watu kucheka. Duka langu la picha liko hapa Mahdia, pwani ya Tunisia, ndani kidogo ya lango la mji mkongwe, na wengi wanaoingia wanataka picha za viza. Viza haitaki meno. Ukuta mweupe nyuma, macho mbele, ushungi urudishwe hadi paji la uso lionekane lote, basi. Na nikishamkalisha mtu kwenye kigoda, namuuliza. Unakwenda kwa nani? Anakupokea nani? Atakulisha nani huko? Mume wangu husema nitakufa na swali mdomoni. Sawa, na nife nalo. Kuuliza si ujinga.

Khalti Manubia, jirani yangu ninayemwita khalti, yaani mama mdogo, kwa heshima, alipokuja kupiga picha yake, alinitesa. Hakuweza kuacha kucheka. Binti yake wa pekee, Salwa, kaolewa Mazara, ng'ambo kule Sisilia, na alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na mara zote mbili mtoto wa watu alilia peke yake chumbani, mume yuko kazini, mama yuko upande huu wa bahari. Safari hii khalti alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake atazaliwa yeye akiwa pale pale kitandani.

"Khalti, funga mdomo," nikamwambia.

"Unakataa kufungika, mwanangu. Unataka nilie?"

"Afadhali. Waitalia watakuona mtu makini."

Akacheka zaidi. Nilipiga picha mpaka nikachoka, na iliyofaa niliipata mara tu alipomaliza kupiga chafya. Tuliituma hiyo hiyo.

Alirudi dukani na pasipoti mkononi na karatasi ndani yake. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Wamekataa. Sababu ni kwamba hawakuridhika kuwa ataondoka Italia kabla viza yake haijaisha.

"Nani kawaambia sitarudi?"

"Hakuna aliyewaambia, khalti. Wanashuku tu."

"Wananishuku mimi? Mimi niliyemrudishia mama yako hata lile sinia la harusi, na yeye mwenyewe kashalisahau?"

Akakaa kwenye kigoda changu na kulia, na mimi niliyekuwa nikimwomba alie kwa ajili ya picha nikaona aibu. Lakini siwezi kudanganya, hata nikimfuta machozi swali lilikuwa linaniwasha. Mtu anathibitishaje kwamba atarudi? Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, lakini nenda kamweleze hilo afisa wa viza.

Nikamuuliza kila aliyeketi kwenye kigoda. Wakanieleza wanachotaka wale wa viza. Wanataka mshahara, au nyumba yenye jina lako, au mume, au watoto wadogo uliowaacha nyuma. Khalti Manubia hana mshahara. Nyumba anayoishi bado iko kwa jina la marehemu mumewe, Khlifa, na shemeji zake hawajakaa kugawana urithi wala hawana haraka. Mtoto wake mmoja yuko huko huko anakotaka kwenda.

"Yaani mwenye mume hurudi, na mjane hutoroka?" aliniuliza. "Wamepima kwa mizani gani? Mie nawajua wenye waume ambao wangekimbia hata kwa kuogelea!"

Nilicheka, kisha nikamkazia macho. "Tuambizane ukweli, khalti. Hapa Mahdia una nini cha kukurudisha?"

Ebo! Uso ulimbadilika. Nikadhani nimemtukana. Akainuka, akajifunga vizuri ushungi wake, akasema, "Chukua hiyo kamera yako. Leo ni Ijumaa. Nifuate."

Akanipeleka makaburini, kule kwenye ncha ya rasi, ambako makaburi meupe yameshuka mpaka karibu na mawimbi. Mkononi alikuwa na birika la maji. Kaburi la Khlifa nalijua, nilikuwepo siku ya maziko. Nisilolijua ni kipande kilichokuwa pembeni yake, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ndani hamna kitu ila mchanga na majani mawili matatu.

"Hili la nani?"

"Langu."

Alisema kama mtu anayekuonyesha kiti chake mezani. Kichwani pa kaburi la Khlifa pamechongwa kikombe kidogo ndani ya jiwe, kama makaburi yetu yote ya zamani. Akamimina maji humo. Shomoro walikuwa wameshajipanga ukutani wakimngoja, na hakuwa hata amegeuka walipomwagika kwa fujo.

"Kila Ijumaa," akasema. "Wao wanakunywa, thawabu inamfikia Khlifa. Nisiporudi nani atawanywesha? Na mie mwenyewe nitalazwa wapi, pembeni ya nani? Haya, piga picha."

"Ya nini?"

"Ya ushahidi."

Wallahi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kisha nikaona hatanii, nikaanza kubishana naye. Khalti, hakuna mtu anayepeleka kaburi ubalozini! Watu hupeleka karatasi za benki! Watatuona wendawazimu! Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akaingia katikati ya yale mawe yake meupe, akaweka mikono mbele, akatazama kamera. Hakucheka hata chembe. Katika picha zote nilizompiga, hiyo ndiyo pekee ambayo hakunisumbua.

Tukaomba upya, na safari hii wakamwita Tunis ahojiwe. Nilikwenda naye. Nilisema ni kwa sababu hajui kusoma, lakini hata angekuwa profesa ningekwenda, maana nilitaka kuona hao wanaouliza wana sura gani. Tulimkuta mzee mmoja wa Kiitalia mwenye miwani, mpole wa sauti, na binti wa Kitunisi anayemtafsiria.

Mzee akapekua karatasi moja moja. Mwaliko wa Salwa, sawa. Tiketi ya meli ya kwenda na kurudi, sawa. Kisha akafika kwenye picha. Akaisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali.

"Anauliza hapa ni wapi," binti akasema.

"Mwambie huyu ni mume wangu," Khalti Manubia akajibu, akigusa picha kwa kidole, "na hapa nitakuwa mimi."

Binti akatafsiri. Yule mzee akavua miwani. Wakasemezana kwa Kiitalia, na binti akageuka akiwa amelegeza sauti. "Khalti, anauliza kama unaumwa. Kama una ugonjwa wowote mkubwa, ni vizuri kusema."

Si ndilo nililomwambia? Sasa walidhani anakwenda kwao kufa! Nikamfinya chini ya meza. Akaufinya mkono wangu kwa nguvu zaidi.

"Mwambie sina hata mafua. Halafu mwanangu, niulizie na mimi swali. Ile bima mliyonilazimisha kununua, huyu jirani yangu mdadisi kamhoji yule muuza bima mpaka kamtoa jasho. Si imeandikwa humo kwamba nikifia kwenu, bima inalipa mwili wangu uletwe huku?"

"Ndiyo, khalti. Ndiyo sheria. Bila hiyo hupati viza."

"Basi mwambie vizuri. Nikiwa hai, narudi kuwapa shomoro maji. Nikifa, mmeshahakikisha nyinyi wenyewe kwamba narudishwa. Sasa mimi nitabaki kwenu kwa njia gani?"

Binti alitafsiri akiwa ameuma mdomo asicheke. Yule mzee akavaa tena miwani. Akaitazama tena picha, si kama karatasi za mwanzo, aliitazama kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akauliza swali moja tu, na mpaka leo nampenda kwa swali hilo, maana na mimi ndilo ningeuliza.

"Anataka kujua, wakati wewe uko Italia, hao ndege watapewa maji na nani?"

Khalti Manubia akanielekezea kidole. "Na huyu."

Mimi! Hata kuniomba hakuniomba.

Viza ikatoka. Siku ya kuondoka alibeba mtungi wa zrir, ufuta na lozi na asali alivyovisaga mwenyewe kwa ajili ya mzazi, akanikataza nisionje. Alipovuka kizingiti nilimwaga maji nyuma yake, kama mama zetu walivyotufunza, ili aende salama na arudi salama. Nilimwaga mengi. Jirani mmoja akanitania kwamba na mimi nimeajiriwa na ubalozi.

Basi Ijumaa nikawa nabeba birika. Mwanzo nilinung'unika, jua kali na duka nimelifunga. Baadaye nikazoea kukaa pale, nikimuuliza Khlifa maswali ambayo alipokuwa hai asingeyavumilia. Ikaja picha kwenye simu, mtoto wa kike, mwekundu, amekunja ngumi, na pembeni mkono wa Khalti Manubia nilioujua kwa pete yake. Amewahi! Nililia mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, naye akapoteza umakini wote.

Akarudi kabla siku zake hazijaisha. Alipita dukani kwanza, begi mkononi, akafungua pasipoti na kunionyesha mhuri wa kutoka Italia. Ilibidi kesho yake apande tena Tunis akajionyeshe ofisini, waone kwa macho yao kwamba amerudi. Nikafunga mlango wa duka na kuanza. Mtoto anafanana na nani? Salwa ananyonyesha vizuri? Wanakula nini? Akajibu kwa mkato, kisha akasema, "Lete birika."

Kule makaburini alikaa kwenye ukingo wa mawe yake mwenyewe.

"Nilitaka kubaki, Dalenda."

Nikamtazama.

"Yule mtoto alinishika kidole hiki, akakataa kukiachia. Salwa akasema, mama, baki, nani atakutafuta? Nikamwambia sawa. Unanisikia? Nilisema sawa, nabaki. Nikakunjua nguo zangu, nikazipanga kabatini mwake."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali.

"Halafu nikatamani kujua, ukibaki kule unazikwa wapi. Mkwe wangu akanipeleka kwenye makaburi yao. Weee! Wenzetu wanapangwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, kama mikate kwenye rafu. Pasafi, maua kila mahali, na kila mmoja kabandikwa picha yake, wanatabasamu. Nikazunguka kutafuta kikombe cha maji. Hakuna. Nikarudi nyumbani, nikazitoa nguo kabatini. Salwa alilia mpaka maziwa yakamkatika siku nzima. Nami nililia. Mpaka sasa sijui kama nimefanya sawa."

"Kwa hiyo yule mzee wa miwani…"

"Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyejibu kabla sijalijua jibu."

Akainuka, akamimina maji kwenye kikombe cha Khlifa, polepole, mpaka yakafurika. Shomoro wakashuka. Akawatazama wanavyogombania, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, kisha akanigeukia kwa yale macho yake makali ya siku zote.

"Na wewe na huo mdomo wako, usije ukaropoka habari ya kabati kule Tunis kesho. Salwa anataka mtoto mwingine."