Hapa Hakuna Anayelipwa

Sufuria ya Kalondu ilichukuliwa siku ya Jumanne, na walioichukua ni wanawake aliowajua wote kwa majina. Walikuja wanane. Yeye alikuwa amelala kwenye gunia mlangoni, anatapika maji ya kijani, kwa sababu jana yake alibeba bomba la dawa ya pamba tangu asubuhi na bomba lilikuwa linavuja mgongoni. Mbinya, jirani yake, alimruka pale mlangoni, akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa.

"Hukuja mwethya," Mbinya alisema.

"Si unaona niko mgonjwa."

"Tunaona. Hata mimi mwaka jana nilikuwa mgonjwa na mkabeba kuku wangu. Wewe ndiye ulimshika miguu."

Hivyo ndivyo mwethya unavyokwenda huko Kanyangi. Wanawake wa kikundi wanafanya kazi kwa huyu leo, kesho kwa yule. Hakuna malipo. Mwenye shamba anapika, watu wanakula, wanarudi kazini. Asiyefika anachukuliwa kitu nyumbani mpaka akikomboe. Kalondu alikuwa kwenye kikundi tangu aolewe, na hakuwakasirikia. Alipopata nguvu alipeleka jogoo, akarudishiwa sufuria, zamu yake ikabaki palepale.

Zamu hiyo aliihitaji kuliko dawa ya tumbo. Mumewe alikuwa amekufa, na siku ya tatu baada ya mazishi shemeji yake Kiema alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema shamba la ndugu yake haliwezi kukaa na mwanamke asiye na mtoto. Wazee wakampa Kalondu misimu miwili. Akililima na kulivuna bila kuuomba ukoo msaada, abaki. Likimshinda, Kiema alichukue. Ushahidi ungekuwa magunia yake yakipimwa kwa jina lake kwenye ghala la kampuni. Msimu wa kwanza mvua ilikataa. Huu ulikuwa wa pili.

Na pamba ilikuwa imefunguka yote kwa mara moja, mawingu ya Machi yako juu. Pamba ikinyeshewa shambani inageuka rangi ya majivu na hakuna anayeigusa. Kwa siku nne Kalondu alichuma peke yake. Maganda ya pamba yakikauka yana ncha kama miiba, na kufikia siku ya pili vidole vyake vilikuwa vimepasuka kuzunguka kucha. Ilibidi afunge matambara ili damu isiingie kwenye nyuzi.

Siku ya tano ikawa zamu yake. Walikuja wanawake thelathini kabla jua halijatoka, wakajipanga kwenye mistari, wakaanza. Kufikia saa nne kulikuwa na magunia matatu yamesimama. Sufuria ilikuwa motoni, imejaa maharagwe na mahindi. Kalondu alikuwa anacheka na kila mtu.

Gari la kampuni lilipofika, bado alikuwa anacheka.

Alishuka Githaiga, ofisa wa kampuni, mtu mnene wa miaka arobaini na kitu ambaye baba yake alikuja kutoka Murang'a kufungua duka pale sokoni. Yeye ndiye aliyenunua pamba yote ya Kanyangi, na yeye ndiye aliyewauzia dawa kwenye chupa zisizo na karatasi. Nyuma yake alishuka msichana wa Nairobi aliyevaa buti mpya.

"Huyu ni madam Sandra," Githaiga alisema. "Ametumwa na watu wa ng'ambo wanaonunua nguo. Wanataka kujua pamba yetu ni safi. Mjibuni vizuri."

Sandra alisalimia wanawake wote, mmoja mmoja, kwa mkono. Akamwomba Kalondu asimame katikati ya pamba ampige picha. Kalondu akaficha vidole nyuma, akainua kidevu, akatoa meno yote.

"Unapendeza, mama," Sandra alisema, akaangalia kioo cha tableti yake. "Sasa maswali kidogo. Unatumia dawa gani ya wadudu?"

"Hawatumii," Githaiga akajibu. "Hawa wanatoa funza kwa mkono."

Sandra akaandika. Kalondu alihisi kikohozi kinapanda, akakimeza.

"Na hawa wote umewaajiri wewe?"

Kalondu akacheka. Alidhani ni mzaha, kisha akaona msichana anangoja kweli, akaona aibu kwa niaba yake. Mtu wa mjini angejuaje. Akavuta kifua mbele na kumweleza kwa fahari, kama mtu anayeonyesha nyumba yake kwa mgeni.

"Madam, hapa hakuna anayelipwa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na watafanya mpaka jioni."

Githaiga alikohoa. Kalondu akafikiri dawa imemkaa na yeye kifuani.

"Na mtu asipotaka kuja?" Sandra aliuliza.

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

"Asitake aende wapi?" Mbinya alisema.

"Tunamfuata," Kalondu alieleza. "Tunaingia kwake tunabeba sufuria, au kuku. Hakuna kusema niko mgonjwa. Mimi juzi walinibebea sufuria natapika hapo mlangoni. Waulize. Huyu Mbinya ndiye aliniruka kichwa."

"Nilikuruka miguu," Mbinya alisema, na kicheko kikapanda tena.

Sandra hakucheka. Aliandika muda mrefu, kidole kimoja kikigonga kioo. Alipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo ilimtia Kalondu baridi mara ya kwanza.

"Mama, pole sana," alisema kwa sauti ya chini. Akamtolea kadi ndogo yenye nambari ya simu. "Ukinyanyaswa na mtu yeyote, piga hapa. Ni bure. Hawatajua ni wewe."

"Mtu gani?"

Lakini Sandra alikuwa tayari anarudi kwenye gari. Alikataa sahani ya chakula.

*

Siku tatu baadaye Githaiga aliwaita wakulima kwenye ghala. Wote sitini na wawili. Kiema ndiye alikuwa mwenyekiti wao, akasimama karibu naye. Magunia ya Kalondu, saba, yalikuwa bado nyumbani kwake yakingoja siku ya kupimwa.

"Ripoti imekuja," Githaiga alisema. "Inasema Kanyangi kuna kazi ya utumwa."

Watu wakaguna.

"Si mimi nimesema. Mama mmoja alisimama mbele ya mgeni akasema anafanyisha watu thelathini bila malipo, na anayekataa anavamiwa nyumbani. Karatasi ndiyo hii. Kwa sheria ya wanunuzi, mkulima mmoja akipatikana na kosa kama hilo, kikundi chote cha wakulima kinaondolewa. Msimu mzima. Nyote."

"Lakini huo ni mwethya," mzee mmoja alisema. "Hata shamba la kanisa lilifyekwa na mwethya."

"Nenda ukawaambie huko Ulaya."

Kalondu akasimama. "Githaiga, wewe unajua mwethya. Mama yako alikuwa kwenye kikundi chetu. Si ungemwambia?"

"Nilikohoa," Githaiga alisema. "Ungetaka nifanye nini tena, nikuzibe mdomo?"

Kisha akawageukia wengine na kushusha sauti, na wote wakasogea kumsikia. Kulikuwa na njia moja. Kikundi kingeweza kuonyesha kwamba chenyewe kimechukua hatua: mwenye kosa ametolewa, na pamba yake haikuingia ghalani. Zilihitajika picha.

"Picha za nini?" Kiema aliuliza.

"Za pamba ikiharibiwa. Mimi sijasema mfanye nini. Nimesema wanaohukumu wataangalia picha."

"Na tusipofanya?"

Githaiga akaangalia pamba iliyorundikwa nyuma yake mpaka kwenye mabati ya paa. Ilikuwa yao yote. "Basi kila mtu abebe yake arudi nayo. Mpate wa kumuuzia."

Kiema hakumwangalia Kalondu. Alivuta suruali juu, akasema kikundi kitakutana kwa Kalondu saa nane, wake kwa waume, na asiyefika ajue kitu kitatoka kwake.

*

Walikuja kwa mstari. Kalondu aliwaona kwenye njia ya mbuga na kwa muda mfupi moyo wake ulitulia, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokuja asubuhi ile, kwa mpangilio uleule. Mbinya alikuwa wa tatu. Mikononi hawakuwa na vikapu.

Alirudi ndani akabana mlango kwa mgongo. Ulikuwa mlango wa mbao za masanduku. Kiema aliupiga teke mara mbili, mara ya tatu bawaba ikang'oka na ubao ukampiga Kalondu kisogoni. Akaanguka juu ya magunia yake. Alishika moja kwa mikono yote miwili.

"Achilia," Kiema alisema.

"Mtawaambia wazee nini? Wamesema nikivuna nibaki. Nimevuna. Hii hapa."

"Achilia, mwanamke."

Alimvuta kwa nywele mpaka uani. Kalondu alikuwa bado na gunia, linaburuzika naye. Wanawake wawili wakaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, vile vilivyokuwa na matambara. Vidonda vilifunguka. Mbinya alimkalia miguu.

"Mbinya," Kalondu alisema.

"Nyamaza. Ningekosa kuja wangechukua mbuzi."

"Nilikupikia."

"Ulitupikia, ndiyo. Na wewe ndiye ulimwambia."

Kiema alikuwa ameokota mpini wa jembe. Alimpiga mgongoni, na mguuni. Alipiga bila haraka, kama mtu anayepura mbaazi, na kila pigo alilitamkia neno: msimu, wangu, wote. Kalondu akageuza kichwa aseme kitu, na mpini ukamkuta hapo. Watu wa nyuma walisikia taya likivunjika. Meno mawili yalitoka, la tatu akalimeza. Hakuna aliyesema basi. Mzee aliyeuliza kuhusu mwethya kule ghalani alikuwa amegeukia ua, anakojoa.

Githaiga alifika na pikapu wakati Kalondu hawezi tena kuinuka. Aliangalia, akasema "Hee," kisha akauliza magunia ni mangapi. Akayafungua yote. Mawili yalikuwa ya machumo ya mwisho, yenye majani na madoa. Hayo akayasukuma kwa mguu katikati ya ua.

"Haya mchome. Mnipe nafasi nipige picha."

Pamba kavu inawaka haraka kuliko karatasi. Moto ulifika juu ya paa la jikoni. Joto likawafanya warudi nyuma wote isipokuwa Kalondu, ambaye ngozi ya mkono wa kushoto ilianza kuinuka malengelenge mpaka Mbinya akamvuta kwa gauni. Ndipo akaona wanaume wanapandisha magunia matano yaliyobaki kwenye pikapu.

Alinyanyua mkono. Alijaribu kuuliza. Kilichotoka kilikuwa damu na sauti.

"Anauliza hayo yanaenda wapi," Mbinya alisema.

"Kuharibiwa vizuri," Githaiga alisema. "Kampuni ina mahali pake pa kuharibia."

Pikapu ilipotoka ilielekea ghalani.

Kesho yake Mbinya alimpeleka kwa chifu kwa pikipiki, taya limefungwa kwa leso. Kiema alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, anakunywa chai. Chifu alisema mambo ya mwethya ni ya wanawake, wakayamalize kwao, na mambo ya shamba ni ya ukoo. Nje ya ofisi Kalondu alitoa ile kadi kwenye sidiria, akaonyesha simu ya Mbinya kwa kidole. Mbinya akapiga, akamwekea sikioni. Sauti nyororo ya mwanamke ilimshukuru kwa ujasiri wake, ikamwomba aeleze malalamiko yake baada ya mlio. Mlio ukalia. Kalondu akabaki amesimama, simu sikioni, anapumua, mpaka ikakata.

*

Septemba, kampuni ilileta semina. Kikundi kilikuwa kimesamehewa. Turubai zilifungwa kwenye uwanja wa shule, ikaja spika, wakaja wageni, na kila mkulima akagawiwa fulana ya nailoni. Kwa ajili ya chakula Mbinya aliwatafuta wanawake wanne wa kupika. Kalondu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akilala kwenye stoo ya Mbinya tangu wazee waamue kwamba ghala halikuonyesha gunia hata moja kwa jina lake, shamba likawa la Kiema. Malipo ya mpishi yalikuwa chakula kitakachobaki, ukwangue mwenyewe.

Kutoka jikoni alisikia sauti ya Sandra kwenye spika. Alikuwa anasema kazi bila malipo ni dhuluma, na watu waliitikia pamoja, kama darasani. Kalondu aligeuza nyama. Mkono wa kushoto haukukunjuka vizuri, akatumia wa kulia.

Saa ya chakula walikuja kwa mstari. Wote walikuwa wamevaa fulana, na kwenye kila kifua kulikuwa na picha ya mwanamke katikati ya pamba nyeupe, kidevu juu, mikono nyuma, anacheka. Wa kwanza alipita, wa pili akapita. Baadhi yao waliangalia chini, kwenye sahani. Mwanamke mgeni alimwambia mwenzake kwamba mama huyo wa picha anapendeza.

Kiema alikuja mara ya pili. Fulana ilimbana tumboni, na uso wa picha ulikuwa umetanuka.

"Ongeza nyama," alisema.

Kalondu akachota. Mchuzi ukamwagikia Kiema kifuani, juu ya picha. Kiema akashusha macho, akatia mate kidole gumba, akaanza kusugua pale kwenye meno ya picha.

"Angalia sasa," alisema. "Umeichafua."