Mwisho Niliomwambia Wendell

Mimi Noreen Halvorsen ni dereva wa basi la shule hapa Duluth, mji wa baridi kali, na sioni haya kusema kwamba nimezeeka nikitazama katuni za Kijapani. Majirani wanacheka. Wacheke! Wao hushinda wakitazama wanaume wazima wakigombania kigurudumu kwa magongo juu ya barafu mpaka wang'oane meno, halafu eti mtoto ni mimi.

Aliyenitia ugonjwa huo ni Wendell Kruse, fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto. Katika chumba cha chini cha nyumba yake tulikuwa na meza, vipaza sauti viwili na kipindi chetu cha mtandaoni. Kila wiki tulichambua kipande kipya cha katuni, tukabishana, kisha kila mmoja akatoa alama yake kati ya kumi. Kijapani hatukijui. Tunasoma maandishi chini ya picha kama mashabiki wenzetu wote, na tumeokota vijineno viwili vitatu. Ukiingia unasema "tadaima", yaani nimerudi. Aliye ndani anajibu "okaeri", karibu nyumbani. Binti yake Wendell, Brianne, alikua akisema hivyo kila akitoka shule, na theluji yote ya viatu anaimwaga kwenye zulia.

Mlangoni Wendell alibandika kibao: UKIMWAGA MTAMA, TOKA NJE. Kwetu sisi hakuna dhambi kubwa kuliko kumtajia mtu mwisho kabla hajauona mwenyewe. Shemeji yake aliporopoka siku moja nani atakufa kwenye hadithi, alipandishwa ngazi na kutolewa bila koti, na nje barafu inapasua mawe. Ndiyo maana hata vitabu vya michoro ambamo katuni hizi hutolewa hatukuvigusa. Tulikuwa tunangoja kama mtu anayengoja uji upoe.

Baridi iliyopita Wendell akapatikana na saratani ya kongosho. Madaktari walimrudisha nyumbani, na kila mtu anajua maana ya kurudishwa nyumbani. Alitaka kitanda chake kishushwe kule chini, karibu na tanuri na runinga. Kila nikimaliza zamu ya asubuhi nilimpelekea supu, na yeye alionja vijiko viwili ili nisinune.

Wakati huo huo ilianza hadithi mpya. Msichana aitwaye Sayo ana kibanda cha tambi juu ya mlima. Baba yake ameshuka bondeni akamwachia neno moja: "Mchuzi usipoe mpaka nirudi." Basi Sayo anakoka moto, anakoroga, wapita njia wanakula na kwenda zao, na baba harudi. Hakuna upanga wala jini. Ni chungu tu na mtoto anayetazama njia. Wendell, ambaye hata alipomzika mkewe hakulia mbele za watu, alilia kipande cha kwanza na cha pili.

Mimi nilijua analia nini. Siku ya maziko ya mkewe alimtolea Brianne maneno makali mbele ya wageni wenye sahani mikononi. "Mama yako alikuita akachoka. Leo umefuata nini, chakula?" Brianne aliweka sahani chini akaondoka. Akarudi zake Tucson, huko jangwani kwenye jua, na tangu siku hiyo alikuwa hapigi simu. Baba naye hakupiga. Kila nikimgusia, jibu lilikuwa lile lile: "Anajua nyumbani ni wapi. Mlango sijaufunga mimi."

"Mlango haupigi simu, mzee."

"Noreen, koroga supu yako."

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, akawa mtu wa kulala zaidi kuliko kuwa macho. Siku moja mchana nilimkuta ameizima runinga.

"Hadithi inaisha lini?" akaniuliza.

"Mwisho wa mwezi wa tatu."

"Sitafika."

"Wee, koma!"

"Sitafika, bibie, na wewe unajua." Akageukia tanuri. "Katafute kitabu. Usome mwisho, uje uniambie kama baba yake anarudi."

Haki ya Mungu! Mtu aliyemtupa shemeji yake kwenye theluji!

"Na kibao chako je?" nikasema.

"Kibao nimekibandika mimi. Leo nakibandua mimi. Lakini sikia: usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hatujawahi kumdanganya msikilizaji, usianze na mimi."

Kitabu hakikuwa kimefasiriwa rasmi, lakini wapo mashabiki wanaokifasiri bure na kukitia mtandaoni. Nilikisoma ndani ya basi, nimeegesha nyuma ya shule nikingoja kengele. Nilikuwa nikiomba baba arudi. Niseme kweli, nilikuwa nimeshapanga kwamba asiporudi, mimi nitamrudisha. Nani angenishtaki? Wendell asingefika kuujua ukweli.

Hakurudi. Kwenye ukurasa wa mwisho Sayo anamwaga maji juu ya moto. Anangoja mchuzi upoe kabisa, anafunga kibanda, anashuka mlima kumtafuta baba yake mwenyewe. Tunaona mgongo wake na njia, basi.

Nilishuka zile ngazi na uongo wangu mdomoni, umeiva. Nilipomwona amejiinua kwenye mto, amechana na nywele, kama siku za kurekodi, nikashindwa. Nikamwambia yote kama yalivyo.

Alifumba macho. Nikadhani nimemuua.

"Anauacha upoe?" akasema.

"Anauacha upoe."

"Na baba yake alimkataza."

"Alimkataza."

"Mtoto ana akili kuliko mimi," akasema. "Hebu nipe simu."

Nilimtafutia namba, kwa sababu vidole vyake havikuwa na nguvu. Iliita mpaka nikakata tamaa, halafu sauti ya mwanamke ikasema haloo kwa uchovu. Wendell hakuzunguka. "Brianne, ni mimi. Siku ile nilikukosea, mwanangu. Sikupaswa kusema vile." Kisha akawa anasikiliza tu, machozi yanamwingia masikioni, na mimi nikapanda juu kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Kesho yake jioni mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi. Nikasikia viatu vinakung'utwa kwenye zulia. Brianne alisimama juu ya ngazi na kijikoti chembamba cha watu wa jangwani, anatetemeka, akasema kwa sauti ndogo, "Tadaima."

Kutoka chini, yule mtu asiyeweza tena kunyanyua kijiko akajibu kwa sauti ya fundi wa zamani: "Okaeri! Na hiyo theluji yako uifute!"

Walipata wiki moja na kitu. Waligombana mara mbili, wakacheka zaidi ya hapo, wakatazama kipande kimoja cha Sayo pamoja. Wendell alifariki asubuhi, mkono wake umo ndani ya mkono wa mwanawe. Alichimbiwa kaburi kwa taabu kwa sababu ardhi ilikuwa bado imeganda kama jiwe.

Brianne alibaki kupanga vitu vya nyumba. Siku ya kipande cha mwisho alitaka nirekodi kama kawaida, na yeye akae kwenye kiti cha baba yake. Nilimpikia kile chakula chetu cha oveni cha nyama na viazi, tukashuka, tukawasha. Mimi nilikuwa nimetulia. Mwisho nilikuwa nao, au ndivyo nilivyodhani. Sisi mashabiki tuna imani yetu moja ya kijinga, kwamba kitabu kikishasema, katuni itafuata.

Sayo akachukua ndoo ya maji. Akausogelea moto. Ndipo nje ya kibanda kukasikika mtu anakohoa. Baba yake anaingia, mvi tupu, theluji mabegani, anasema, "Tadaima." Sayo anaacha ndoo, anachota mchuzi. Bado una moto. Baba anakula, na mvuke unajaa kioo chote mpaka majina ya watengenezaji yanaanza kupita.

Loo! Wachoraji wamebadilisha mwisho! Kwenye mtandao mashabiki walikuwa wanalia na kushangilia, kumi, kumi, kumi. Brianne naye alikuwa anafuta macho.

"Baba angeupenda," akasema. "Alisema ulimtajia mwisho. Ulimwambia kwamba huyu mzee anarudi?"

Ningeweza kuitikia tu. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya kipaza sauti cha Wendell.

"Hapana. Nilimwambia wa kitabuni. Kwenye kitabu harudi. Sayo anazima moto anamfuata."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ile alipokupigia. Nilipomaliza tu, akaomba simu."

Aliacha kufuta macho. Niliona anaihesabu ile siku kichwani, maana mpaka hapo hakujua kwamba simu ya baba yake ilitoka kwenye hadithi.

"Kwa hiyo ungeujua huu wa leo, shangazi..."

"Ningemwambia huu wa leo. Angefurahi kweli kweli."

"Asingepiga."

"Asingepiga. Angeendelea kukoroga."

 Tanuri liliwaka lenyewe, likanguruma kama lilivyokuwa linanguruma siku zote tulizorekodi. Nikabonyeza kitufe, nikawasalimu wasikilizaji, nikawaambia mwenzangu ametangulia na kwenye kiti chake leo amekaa binti yake.  Kisha nikamgeukia Brianne nikamwuliza anatoa ngapi.

"Tatu," akasema.

"Ebo! Tatu? Dunia nzima inatoa kumi. Baba amerudi, mchuzi una moto, unataka nini tena?"

Akakisogeza kipaza sauti karibu, kama baba yake alivyozoea.

"Mimi ndiye niliyekuwa huko bondeni, shangazi," akasema. "Nisingepanda."