Kikombe Chenye Tundu

Nyumbani kwetu nikisema "Kitendawili!" na wote wakanyamaza, ujue hewa imechafuka. Asubuhi hiyo nilisema mara mbili, hakuna aliyeniambia tega.

Mwanangu hupaka magari rangi, karakana yake iko hapa hapa uani. Mkewe ndiye mchanganyaji na mpimaji. Kipimo chao ni kikombe cha bati chenye tundu dogo kitakoni: unakijaza rangi, unaachia, unahesabu mpaka uzi wa rangi unaotoka ukatike. Nzito hujivuta, nyepesi hukimbia.

Mkwe wangu alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake, ndiyo kwanza amerudi. Kijani alichokichanganya kabla ya kuondoka kilibaki cha kutosha mlango mmoja, na dukani hakipatikani tena. Mwenye gari alikuwa njiani.

Mwanangu akapima. Uzi ukatoka mwembamba, kama hautaki. Akahesabu mpaka akachoka.

"Huu uji!" akafoka. "Lete thina niipunguze uzito."

"Baba watoto, usitie. Rangi hiyo niliipima mwenyewe, ilikuwa sawa."

"Niamini mdomo wako au kikombe? Kuanzia leo nachanganya mwenyewe. Wewe kaa jikoni."

Mkwe wangu akasogea karibu na ndoo ya rangi. Kazi ile anaipenda kama mtoto wa kumzaa.

"Ukishatia huitoi," akasema taratibu. "Itachuruzika mlango mzima, na nyingine hatuna."

Mwanangu akafungua kopo la thina, akaliinamisha juu ya ndoo. Mimi nguvu za kumshika sina, nina mdomo tu.

"Kitendawili!" nikapiga kelele.

Mkono ukasita. "Mama, jamani! Sasa hivi?"

Kusita huko kulimtosha mkwe wangu. Alikinyakua kikombe, akakisuuza, akakijaza maji ya bomba, akaachia. Maji yakatoka kidogo kidogo, kama mbuzi anakojoa kwa woga.

"Na maji nayo ni uji?" akauliza.

Akakiinua kikombe juani, tukachungulia wote. Tundu lilikuwa limezibwa nusu na utando wa rangi kavu. Mkewe alipokuwa safarini, bwana mkubwa alikitumia akakitundika bila kukiosha!

Aibu ikampeleka mbio. Akaokota msumari azibue. Mkewe akampiga kofi mkononi.

"Wee! Msumari unapanua tundu. Likipanuka, kitatudanganya mpaka tuzeeke."

Akakiloweka kwenye thina, akalisugua tundu polepole kwa unyoya wa kuku. Kisha akachota rangi, akaachia. Uzi ukashuka umenyooka, ukakatika pale pale unapotakiwa kukatika.

Honi ikalia getini.

Mwanangu akalifunga kopo la thina, akampa mkewe ndoo kwa mikono miwili.

"Nijazie wewe bomba la kupulizia, mama watoto. Na kikombe... kaa nacho wewe."

"Na jikoni?"

"Jikoni nitaingia mimi leo."

"Tutalala njaa," nikasema.

Wakacheka. Mwanangu akanigeukia: "Haya mama, tega."

Nikakitafuta kitendawili changu kichwani, wapi! Woga ulikuwa umekifuta.