Matairi ya Kwenda Ikwiriri

Mume wangu Mrisho hajui kununua kitu bila kukizunguka. Hata chumvi ataionja duka hadi duka, kisha arudi duka la kwanza aseme ile ya pale ndiyo ilikuwa na chumvi zaidi. Nimeshamzoea, ila siku ile sikuwa na nafasi ya kumzoea. Kaka yangu Seifu alikuwa amefika alfajiri kutoka Ikwiriri, vumbi mpaka kwenye kope, akaniambia mama amevimba miguu hadi magotini na akilala pumzi inamkatika. Sasa halali tena. Anakaa barazani mchana na usiku, ameegemea nguzo. Mganga wa kule amekiri hana dawa yake, aletwe Dar es Salaam, hospitali ya serikali.

"Anawangoja nyinyi na hilo gari lenu," Seifu akasema. "Na mvua zikianza, Waridi, njia imekufa."

Hilo gari lenu lilikuwa lori kuukuu ambalo Mrisho alilinunua kwa Mgiriki mmoja, bei ya mkonge ilipoanguka na yule Mgiriki akaanguka nayo. Injini ilikuwa nzima na breki zilishika. Matairi ndiyo yalikuwa vipara vitupu, na yale ya nyuma yalishaanza kutoa nyuzi. Kwa kubeba magunia ya bandarini kuleta Kariakoo yalitosha. Kwa mchanga wa Mbagala, na ule udongo mweusi wa Kibiti unaoshika mguu mpaka uuombe, hata mimi nisiyejua kushika usukani nilijua hatufiki. Nikamwambia Mrisho leo tununue matairi, kesho tuondoke. Akasema sawa. Nikavaa buibui langu nikatoka naye, maana nikimwacha aende peke yake nitamwona Ijumaa.

Tulianzia mjini kwa Ghanim, Mwarabu mwenye duka la vyuma karibu na Posta. Ghanim akateremsha tairi jipya, linanukia mpira. Mrisho akalizungusha, akalinusa, akalibonyeza kwa kidole gumba, akauliza limetengenezwa nchi gani. Akaomba ateremshiwe na la pili, nalo akalinusa.

"Mrisho, sikufichi," Ghanim akasema. "Haya ni ya barabara nzuri za mjini. Tazama kashata zake, haya meno ya mpira, zilivyo fupi, hazina cha kuuma ardhi. Ukiingia nayo mchangani utachimba kisima. Yenye kashata ndefu yako melini."

"Meli inafika lini?" nikauliza.

"Inshallah," akasema Ghanim, akaanza kuyarudisha matairi yake juu.

Kurudi Kariakoo tukapita Kichwele, palipokuwa na kijiwe cha madereva, na mimi nikajua nimekwisha. Mrisho alisalimia tu, basi wakaanza. Mmoja akasema mchangani unataka tairi nene, lielee juu. Mwingine akasema nene litateleza kwenye tope, unataka jembamba likate mpaka chini kwenye ardhi ngumu. Wa tatu akasema wote wawili hawajawahi kufika Rufiji. Mrisho akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuwachorea kwenye vumbi namna uzito wa lori unavyokaa. Jua lilikuwa utosini na mimi nimesimama kwenye buibui jeusi.

"Mrisho, mama yangu hana pumzi na wewe unachora."

"Mke wangu, tairi si kanga, ukalinunua kwa macho."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa kama wako darasani. Nilitamani nikichukue kile kijiti nimchape nacho, wallahi.

Alipochoka kuchora tukaenda kwa Lugusha. Huyu alikuwa Mnyamwezi mwenye ua wake nyuma ya soko, ukishawapita wauza ndizi, na kazi yake ilikuwa kununua matairi yaliyotumika na kuyauza tena. Nilijua tangu njiani kwamba mambo yatakuwa marefu, kwa sababu Mrisho ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakukamatia jogoo wako amchinje, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, aibu ni yako. Na msiba ukikufika, yeye ndiye atakayekuja kuwachekesha wafiwa ili chakula kipite kooni. Mimi ni Mndengereko, lakini kwa kuolewa nami nilikuwa nimeingizwa humohumo. Mama yangu pia. Kila Ramadhani alipokuja kukaa kwetu, Lugusha alikuwa anapita jikoni kumnyang'anya vitumbua na kumwita mke wake mkubwa.

"Mtumwa wangu amejileta mwenyewe," Lugusha akasema hata hatujapiga hodi. "Nilikuwa nawaza nimuuze nani."

"Atakununua nani wewe, uliyekuja pwani na mzigo kichwani?"

"Nyie mmekaa hapa mnangoja nazi ziwaangukie. Ndiyo maana akili zenu zimelainika."

Wachukuzi waliokuwa wamepumzika kivulini wakacheka. Mimi nikasema tunataka matairi ya kwenda Ikwiriri, tunayataka sasa hivi.

Lugusha alikuwa na seti mbili za ukubwa wa lori letu. Moja ilikuwa nzuri mno, nyeusi, inang'aa, kashata ndefu zimesimama kama mihogo shambani. Nyingine ilitoka kwenye lori la watengeneza barabara. Ilikuwa ya kijivu, ina viraka, imechubuka mbavuni, lakini ukiipiga teke mguu wako ndio unaoumia. Mrisho moja kwa moja akaenda kwenye zile nzuri.

"Hizo usichukue," Lugusha akasema. "Zilikuwa vipara kama babu yako. Kashata nimezichonga mwenyewe kwa kisu cha moto, nikapaka mafuta. Chini yake mpira uliobaki ni ganda la kitunguu. Zitakufikisha Mkuranga, na kutoka hapo lori utalibeba kichwani kama wazee wangu walivyobeba pembe. Chukua hizi mbaya. Zina sura yako, lakini hazifi."

Mrisho akacheka mpaka akashika tumbo. Na nyinyi mngekuwa Mrisho mngecheka. Mwaka wa nyuma alitaka pampu ya upepo hapohapo, Lugusha akamwapia kwamba ni mbovu, mwenzangu akaenda kununua nyingine kwa bei ya juu. Kumbe ile ilikuwa nzima. Lugusha aliisimulia hadithi ile soko zima, na hata wauza dagaa walikuwa wakimwona Mrisho wanamwuliza habari za upepo. Safari hii alikuwa ameapa hashikwi tena. Mtani akikwambia kushoto, wewe shika kulia.

Mimi sikucheka. Nikamsogelea Lugusha karibu. "Shemeji, weka utani chini kidogo. Mama ni mgonjwa, tunamfuata yeye. Hayo uliyosema ni kweli au ni mzaha?"

Uso wake ulibadilika. Niliuona, hakuna atakayeniambia sikuuona. Akafungua mdomo, na hapohapo Mrisho akadakia nyuma yangu.

"Usimwombe huyo, mke wangu. Atakwambia hata mama yako ni Mnyamwezi."

Wachukuzi wakaangua kicheko. Lugusha akawatazama wale, akanitazama mimi, akayarudisha meno yake nje. "Shemeji, mimi na mtumwa wangu huyu tumeambiana kweli lini?"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Niliwaambia mzaha mzaha hutumbua usaha, na hiyo nayo wakaicheka. Nilikuwa mwanamke mmoja katikati ya wanaume wenye desturi yao, na desturi hiyo haina mlango wa kuingilia mtu mwenye shida. Mrisho akalipa, zile nzuri zikapakiwa kwenye mkokoteni. Lugusha alitusindikiza mpaka barabarani akisema, "Nimekwambia, mtumwa wangu, usije ukasema sikukwambia," na Mrisho akimjibu, "Umeniambia, umeniambia."

Tuliondoka kesho yake baada ya sala ya alfajiri, Seifu nyuma juu ya magodoro tuliyomwekea mama. Mchanga wa Mbagala tuliupita kama si mchanga. Zile kashata zilishika vizuri, Mrisho akaanza kuimba, akanigeukia akaniuliza, "Nani hajui kuchagua tairi?" Nikaona haya kwa maneno niliyomtolea usiku kucha. Nilimwambia anisamehe, nilikuwa na wasiwasi tu.

Mkuranga tulipita. Mbele kidogo, kwenye kipande chenye visiki, tairi la nyuma likapasuka, lori likalala upande. Mrisho akashuka, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Mpira ulikuwa umeachia palepale kisu kilipopita, mstari mmoja ulionyooka. Alipandisha jeki, akatia kiraka, tukaenda, likapasuka la pili. Akatia kiraka tena. Viraka vilipokwisha tukakata majani, mimi, yeye na Seifu, tukayashindilia ndani ya tairi mahali pa upepo, na lori likatambaa hivyo huku linatapika majani njia nzima. Nilikata yale majani kwa mikono mpaka ikatoka damu. Nilikuwa simsemeshi Mrisho, na yeye hakuthubutu kunisemesha.

Kabla ya Kibiti mvua ikashuka. Udongo mweusi ukalishika lori na majani yake, ikawa basi. Tukashuka tukatembea, viatu mkononi, tukalala kwenye vibanda vya watu, tukaamka tukatembea tena. Niliwaza kwamba hata tukifika hatuna cha kumbebea, lakini nilitaka tu anione. Tulipoingia Ikwiriri niliona watu wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba yetu, na shangazi akainuka kunipokea kabla sijafika uani.

"Tumemzika jana alasiri," akaniambia. "Tulimwomba aingie ndani mvua ilipoanza, akakataa. Alisema ndani hatasikia gari likija."

Kurudi Dar es Salaam tulirudi kwa miguu na kwa hisani za watu. Majirani wa Kariakoo walikuwa wameshapata habari, hata za mama kutungoja barazani, wakatandika mikeka tukae matanga, kwa kuwa mama walimjua. Watu walikuja, Kurani ikasomwa, chakula kikapikwa na hakuna aliyekila. Kila mtu alikuwa anawangoja watani.

Siku ya pili Wanyamwezi wa mtaani wakaja, Lugusha mbele. Kwa kawaida huwa unawasikia kabla hujawaona. Wanaingia kwa vurugu, wanakalia sufuria, wanaapa maiti alikuwa na deni lao la kuku. Siku hiyo waliingia kimya. Lugusha akavua kofia, akaketi karibu na Mrisho, mimi nikiwa mlangoni nawasikia.

"Mrisho," akasema. Hata "mtumwa wangu" hakusema. "Mimi nilikwambia kweli."

"Nilidhani unanitania."

"Najua."

Wakakaa hivyo, vichwa chini. Wenzake nao wakainamisha vichwa. Nyumba ikawa nzito, wanawake ndani wakaanza kulia upya, na mimi nikajisikia hasira ambayo hata sijui nianze kuieleza wapi. Sikuwa na wa kumrukia. Huyu alisema, akasema huku anacheka. Yule alisikia, akasikia huku anacheka. Na sasa wote wawili wameacha kucheka, wameniachia mimi mama yangu peke yangu. Nikatoka nje kwa wanaume, na desturi yao iseme inavyotaka.

"Lugusha," nikamwambia. "Siku nilipokuomba kweli ulinipa mzaha. Leo ndiyo unaniletea kweli? Siitaki. Mama yangu hakuwa mtu asiye na watani. Inuka ufanye kazi yako."

Akamtazama Mrisho, Mrisho hakuinua kichwa. Akanitazama mimi akaona sitanii. Akainuka polepole, akaomba kanga ya marehemu. Nikaingia ndani nikamletea ile doti niliyotoka nayo Ikwiriri, aliyokuwa amejitanda barazani. Kanga moja akajifunga, ya pili akajitanda kichwani, akashika kiuno akatembea mwendo wa mama, ule wa kuburuta mguu wa kushoto, akazunguka mikeka akiwakaripia wapishi kwamba wali wao una mawe. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Shoga zangu ndani wakachungulia, wakacheka huku wanajifuta machozi. Hatimaye akaketi kwenye baraza yetu, akaegemea nguzo, akatega sikio.

"Waridi," akaita, na ilikuwa sauti ya mama hasa, ile yenye mkwaruzo. "Nimekaa hapa nakungoja. Upepo ukivuma nasema ndilo hilo gari. Mlikuwa wapi, mwanangu?"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia wote, kwa sababu mtani akiuliza kwa sauti ya marehemu, mfiwa hana budi ajibu.

"Tulikuwa tunachagua matairi, mama," nikamjibu.